Mama Josée Apeleka Maua ya Shaba Lubumbashi

Mama Josée hakuwahi kuomba ruhusa ya kupanda kitu. Alipofiwa na mumewe Eugène, wanaume wa ukoo walikuja kumfariji, wakakaa uani kwenye viti vya plastiki wakizungumzia mustakabali wake kana kwamba hayupo. Kabla matanga hayajaisha, alikuwa ameshachomeka vipandikizi vya bugenvilia kando ya ukuta, nyuma ya migongo yao. Leo bugenvilia hiyo imepita paa, na wanaume wale sijui wako wapi.

Mimi ni Aimée, mwalimu wa shule ya msingi, jirani yake. Tunaishi katika kambi ya zamani ya wafanyakazi wa machimbo hapa Panda, mtaa wa mji wa Likasi, nyumba zimegusana, na mpaka wetu ni mstari wa hibiskasi ambao aliupanda yeye na ninaupunguza mimi. Namjua kuliko ndugu zake wanavyomjua. Nasema mapema ili mtu asinipotezee muda: katika habari hii niko upande wake.

Uani kwake kote ni kitalu. Kuna waridi katika makopo ya maziwa, michaichai, midimu, na miche ya maparachichi katika mifuko myeusi. Kitalu hicho ndicho kinachomlisha. Watu hupenda kusema kwamba udongo wa Panda uliuawa na moshi wa viwanda, kwamba hapa hakuoti kitu ila vumbi. Mama Josée akisikia maneno hayo hukasirika kweli kweli, kama mtu aliyetukaniwa mama yake, na huweza kukuacha umesimama barabarani na salamu yako mdomoni.

Kila mwaka, joto linapopanda na mijakaranda inapochanua, kabla mvua ya kwanza haijanyesha, wapenda bustani wa Lubumbashi hufanya maonyesho na soko la mimea katika uwanja wa shule moja ya masista. Mwaka uliopita Mama Josée alikosa gari, akashinda siku nzima amenuna. Mwaka huu alimshika Éphraïm, dereva wa gari moja kuukuu aina ya Noah anayesali nasi kanisani, na tangu kiangazi kuanza hakumwachia mpaka akatoa ahadi. Hakutaka kupeleka waridi, kwa sababu Lubumbashi wana waridi zao. Alitaka kupeleka maua ya shaba.

Ua la shaba ni dogo, la zambarau, na huota penye madini, mahali ambapo mimea mingine inakauka. Wachimbaji wetu wanalijua vizuri. Mtu akiliona limetanda kwenye kilima, hajali uzuri wake. Anarudi na sururu. Mama Josée alilijaribu katika udongo mzuri, likafa. Akalitilia samadi, likafa haraka zaidi. Ndipo tulipokwenda na magunia kwenye vifusi vya zamani vya machimbo, yeye na mimi, tukabeba ule udongo mbaya wenye rangi ya kijani mpaka mgongo wangu ukaniambia basi, akajaza tuta moja refu nyuma ya nyumba.

Kwa kawaida ua hilo huchanua mvua zinapoisha. Yeye alichelewesha mbegu kusudi, akazimwagilia kiangazi chote, ili maua yangoje maonyesho. Yakangoja. Asubuhi moja ya Oktoba nilichungulia juu ya hibiskasi nikaona tuta zima limekuwa zambarau. Nilifurahi, halafu nikaogopa, kwa sababu si mimi peke yangu niliye na macho hapa Panda.

Wa kwanza kuja alikuwa Bertin, mdogo wa marehemu Eugène. Kazi yake ni kusimama kati ya wachimbaji na wanunuzi wa madini, na kuvaa viatu vinavyong'aa. Alichuchumaa kwenye tuta, akachukua udongo, akaumwagia maji kiganjani na kuutikisa. Zikabaki punje za kijani. Sikupata kumwona Bertin akiwa na heshima kama ile aliyokuwa nayo mbele ya kiganja chake mwenyewe.

Mama Josée alimweleza wazi kwamba udongo ule ni wa kubebwa, akamwonyesha magunia, akanitaja mimi kuwa shahidi. Bertin akacheka. Na hapa ndipo watu wa mji wetu wanaponichosha. Mwenye madini chini ya nyumba yake husema hana. Kwa hiyo asiye nayo akisema hana, wanaona anayo. Kadiri Mama Josée alivyokana ndivyo Bertin alivyoamini, na nilipofungua mdomo kukana na mimi, alijua moja kwa moja kwamba madini ni mengi na wanawake wawili tumeshagawana.

Baada ya hapo maneno yalikuja haraka. Kiwanja ni cha kaka yake, alisema, na mali ya kaka ni ya ukoo. Ataleta wachimbaji. Wakikuta madini yanaelekea chini ya nyumba, nyumba itabomolewa, na Mama Josée atatafutiwa chumba kwa shangazi mmoja anayeishi huko Kakontwe. Aliyasema haya kwa upole, huku akinywa maji ya Mama Josée katika glasi ya Mama Josée. Basi mambo yalikuwa hivyo: ama abaki na kiwanja chake, ama shimo limlie nyumba na kitalu, na uzeeni aishi kwenye chumba cha kuazima.

Tulikwenda kwa chifu wa mtaa. Alitusikiliza, akasema atakuja Jumatatu kuona. Maonyesho yalikuwa Jumamosi. Nilimshauri Mama Josée ang'oe maua yote, autupe udongo ule mtoni, abaki nyumbani amkodolee Bertin macho mpaka Jumatatu. Nilidhani nimesema jambo la akili. Yeye alimwagilia ua la mwisho, akaweka kikopo chini, akanijibu.

"Weye Aimée, nikingoa hii maua, kesho banasema ningoe na waridi. Kesho kutwa banasema ningoke minye mwenyewe."

Jumamosi Éphraïm alifika kukiwa na ubaridi bado. Tulitoa viti vya nyuma, tukapanga maua katika makreti ya soda, kila ua na udongo wake katika kopo lake. Bertin naye akatokea, amenyoa ndevu, akatusaidia kupakia. Nilipaswa kushtuka pale pale. Lini Bertin alibeba kitu kizito kuliko simu yake? Lakini alibeba kreti baada ya kreti, akafunga mlango wa nyuma, akatutakia safari njema.

Ni lazima nieleze habari ya gari, kwa kuwa huku kwetu kusafiri nalo ni kazi ya watu wawili. Magari mengi yanatujia kutoka nchi za ng'ambo yakiwa na usukani kulia, na sisi tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Dereva akiwa nyuma ya lori haoni kitu ila lori. Kwa hiyo anayekaa kushoto kwake ndiye macho yake: anatoa kichwa dirishani, anaangalia mbele, na kama njia iko wazi anasema pita. Asiposema, gari halipiti. Éphraïm hamkalishi mtu yeyote tu pale. Siku ile alimkalisha Mama Josée, mimi nikabanwa nyuma na makreti, majani yakinitekenya shingo.

Tulikuwa tumekwama nyuma ya lori la chokaa, vioo vyetu vimekuwa vyeupe, simu yangu ilipolia. Alikuwa mume wangu. Wachimbaji wameingia, alisema. Bertin aliwaleta mara tu tulipopinda kona. Wameanza pale palipokuwa na tuta, sasa wanasogea kwenye miche, na yeye amewazuia kwa maneno mpaka wakamsukuma akaanguka juu ya hibiskasi. Niliweka simu kwenye spika ili wote wasikie, na wote tukasikia sururu.

Éphraïm akapunguza mwendo. Alisema tunarudi, hataki isemwe kwamba alimpeleka mjane kwenye maua huku nyumba yake inaanguka. Mimi nilisema ndiyo, turudi, na sauti yangu ilikuwa ya kilio, si kwa huzuni bali kwa hasira. Niliwaza jinsi Bertin alivyobeba yale makreti. Nilitaka kufika nimshike shati.

Mama Josée akafuta vumbi usoni kwa kitenge, akasema bila kutugeukia.

"Nikirudi leo, batangojea. Batachimba siku ingine, siku ya misa, siku ya kilio. Bachimbe. Ile bulongo ya uani kwangu ninaijua, njo yenye kunilisha. Hakuna kintu mule. Lakini hii maua juma yenye kuya itakuwa imekufa, na Bertin atakuwa ameshinda mara mbili."

Akatoa kichwa dirishani.

"Pita."

Éphraïm hakupita. Alisema Mama, fikiri kwanza.

"Minye nilisha kufikiri. Njia iko wazi. Pita."

Akapita. Sitaficha: nilimkasirikia. Niliona ni ukaidi wa mtu anayependa maua kuliko paa lake, na nilikaa nyuma pale nikinung'unika mpaka kwenye kizuizi cha ushuru. Yeye aliendelea na kazi yake, kichwa nje, kichwa ndani, na kila lori tulilolipita lilituweka mbali zaidi na Panda.

Uwanja wa masista ulikuwa umejaa. Kulikuwa na akina mama wa mjini waliovaa kofia pana, wauza vyungu, watu wa okidi walioyafunika maua yao kwa shashi utadhani watoto wachanga, na wimbo wa kwaya ukitoka kwenye spika. Tulipewa meza ya mwisho, karibu na vyoo, kwa kuwa tunatoka Likasi na tulichelewa. Mama Josée aliipangusa meza, akapanga makopo yake ya maziwa, akavua kandambili na kuvaa viatu vyake vya kanisani.

Bibi mmoja alisimama, akainama, akauliza kwa Kifaransa safi kama hili si gugu la kule kwenye vifusi. Niliona aibu. Mama Josée hakuona. Alimjibu kwamba ndilo lenyewe, akamwuliza yeye la kwake ameliweka wapi. Bibi yule akacheka, kisha akachukua makopo mawili.

Baada yake wakaja wengine. Watu waliozaliwa kwenye makambi ya machimbo walisimama wakalitazama ua lile kwa muda mrefu, maana wote walilikanyaga utotoni na hakuna aliyewahi kuliona limewekwa mezani. Mzee mmoja alivua kofia. Kila aliyechukua aliambiwa maneno yale yale: asiliweke kwenye udongo mzuri, asilitilie samadi, asilimwagilie kwa huruma. "Musiihurumie," alisema. "Mukiihurumia, itakufa." Mimi niliwafungia makopo katika magazeti na kujaribu kutowaza simu iliyokuwa mfukoni mwangu. Ililia tena mara moja. Jikoni, mume wangu alisema. Sasa wanachimba karibu na jiko.

Nilimpa Mama Josée habari hiyo mbele ya wateja. Kopo moja likamwanguka. Aliliokota, akaurudisha udongo wote kwa vidole, punje kwa punje, na kumpa mtu aliyekuwa anangoja.

Meza iliyopakana na yetu ilikuwa ya Adolphe, mwanamume mkubwa mwenye kicheko, muuza miti ya matunda iliyopandikizwa. Tangu asubuhi alikuwa akiyatupia maua yetu jicho. Yalipobaki makopo ya mwisho alikuja akayaomba, pamoja na mbegu, akasema tubadilishane: Mama Josée achague chochote kwake. Alimwonyesha waridi za rangi mbili. Alimwonyesha mche mdogo wa mlimau unaotosha kwenye kikapu. Mama Josée akampita, akaenda mpaka nyuma, kwenye miparachichi na miembe mikubwa iliyonizidi mimi urefu, akaanza kushika mashina.

Adolphe alimwonya kwa wema. Miti hii ni ya watu wenye vibarua, alisema. Inataka shimo refu na pana, na Oktoba hii, kabla ya mvua, ardhi ni ngumu, sururu inaruka.

"Mashimo iko," Mama Josée akasema. "Banachimba sasa hivi."

Adolphe alimsifu kwa kuwa na wafanyakazi hodari. Nikalazimika kukaa chini ya meza. Nilicheka hadi machozi yakanitoka, kicheko changu cha kwanza tangu asubuhi, na nilipomwangalia Mama Josée hakuwa anacheka hata kidogo. Alikuwa anachagua mti. Hapo ndipo hasira yangu juu yake ilipoisha.

Tulirudi na miti, mmoja wa kubadilishana na mingine ya fedha za maua, imelazwa ndani ya gari, vilele vimetoka nje kupitia mlango wa nyuma, vimefungwa kitambaa chekundu. Mama Josée alikaa mahali pake, majani yakimpiga shavuni, akisema pita, ngoja, ngoja, pita.

Tulifika jua likiwa bado juu ya paa. Ninaweza kusema mengi kuhusu kitalu kile, lakini nitasema niliyoyaona tu. Makopo ya waridi yalikuwa yamekanyagwa bapa. Miche ya maparachichi ilikuwa imerundikwa kama takataka. Kona ya jiko ilikuwa na ufa ninaoweza kupitisha kidole. Na kila mahali, mashimo, yanamfika mtu kifuani, na kando ya kila shimo lundo la udongo mwekundu, mwekundu kutoka juu mpaka chini, bila punje moja ya kijani.

Wachimbaji walikuwa wameondoka. Mume wangu alisema waliondoka wakimtukana Bertin mpaka ukoo wa babu yake, kwa kuwa aliwaahidi utajiri akawapa mfinyanzi. Watu wa kambi walikuwa wamesimama kando ya njia, wengine juu ya ukuta, kama watu wanaongoja mechi ianze. Bertin alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, viatu vimekuwa vyekundu. Hakuinua macho.

Mama Josée aliokota kopo moja la waridi, akajaribu kulinyoosha kwa vidole, likakataa, na akalia. Alilia kwa sauti, mbele ya wote, na hakuna aliyethubutu kumsogelea. Sitaki kumfanya jiwe. Miche ile ilikuwa miaka yake. Kisha akajifuta, akafunga kitenge kiunoni vizuri, akamwambia Éphraïm ashushe miti.

Bertin akasimama. Alisema kwa sauti ya chini kwamba kesho atafunika mashimo yote.

"Usifunike hata moja," Mama Josée akasema. "Kuya hapa. Shika huu muti."

Sijui kwa nini alitii. Nadhani mtu aliyekamatwa katikati ya mashimo yake mwenyewe, na mtaa mzima unamwangalia, hushukuru kupewa kitu cha kushika. Alikuja akaushika mparachichi wa kwanza. Mama Josée aliingia shimoni na jembe, akatandika chini miche na waridi zilizouawa, maana zilikuwa bado na faida, akaweka samadi, akarudishia udongo mwekundu mpaka shimo likawa na kina kinachofaa. Mimi na mume wangu tulizoa ule udongo wa kijani uliomwagika pale palipokuwa na tuta, tukautia katika magunia ili usiguse mizizi. Mti ukashuka. Udongo ukashindiliwa. Bertin akauachia, Mama Josée akamwelekeza kwenye shimo la pili.

Alipokuwa ameushika mwembe, nilimwona anaelewa. Hapa kwetu kiwanja kinaweza kuwa na maneno, karatasi zinaweza kuwa na jina la huyu au yule, lakini mti wa matunda ni wa aliyeupanda, na hakuna wa kuchimba wala kumtoa mtu penye miti yake. Watu wakigombana, chifu anatembea kwanza kwenye miti, anauliza kila mmoja nani aliupanda na nani aliona. Jumatatu chifu angekuja. Na watu wote wale juu ya ukuta walikuwa wanaona, na aliyeona kuliko wote alikuwa Bertin mwenyewe, mikono yake ikiwa kwenye shina. Vidole vikamlegea, mti ukainama.

"Shika wima, Bertin," Mama Josée akasema kutoka shimoni.

Akashika wima. Wakaenda hivyo kutoka shimo hadi shimo, yeye mbele na jembe, Bertin nyuma na mti, mpaka mti wa mwisho, wa lile shimo la kando ya jiko. Mama Josée aliushindilia kwa miguu, polepole, akiuzunguka. Halafu akasimama, akaweka mkono kiunoni, na kuuliza kwa sauti iliyofika barabarani.

"Bertin, hii miti ni ya nani?"

Bertin aliangalia ukuta, akawaona watu. Aliangalia njia, watu. Éphraïm alikuwa ameegemea gari lake, amekunja mikono.

"Ni yako, shemeji."

"Basi leta maji," Mama Josée akasema, na akamsukumia ndoo kwa mguu.